Jiko kuukuu la kuchomea nyama: Hatari haimo kwenye kutu

KATIKA miji ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Illasit mpakani mwa Kenya na Tanzania, nyama choma bado ni ya makaa. Hata hivyo, marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018 ilipandisha bei ya makaa, na baadhi ya wenye nyumba wakaanza kutazama upande wa gesi. Jiko jipya la gesi la kuchomea nyama ni ghali. Kwa hivyo mtu akisikia familia fulani inahama na inauza la kwake lililokaa nje miaka kadhaa, hulichukua mbio, akalisugua, akalipaka rangi na kuwaalika wageni.

Kutu iliyo kwenye mfuniko haina madhara makubwa. Kinachoua ni kile ambacho rangi mpya haikigusi.

Anza na mpira wa gesi. Jua na mafuta moto huuchakaza, na panya huutafuna. Ukunje kwa mkono. Ukiona ufa hata mdogo, nunua mwingine, usiuzungushie utepe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipai juu bali hutambaa chini na kujikusanya mahali palipoinama, ikingoja cheche. Ukishaunganisha kila kitu, fungua mtungi huku swichi za jiko zikiwa zimefungwa, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yakifura, gesi inatoka. Wapo wanaopima kwa kiberiti, na hao hatuna la kuwaambia ila waache leo.

Sehemu ambayo hata mafundi huisahau ni lile bomba fupi linalochanganya gesi na hewa kabla ya kufika kwenye kichomeo. Jiko likikaa bila kazi, buibui hujenga humo. Hewa hukosa njia, moto ukawa wa manjano wenye masizi, au gesi ikarudi nyuma na kuwaka karibu na swichi, penye mkono wako. Chomoa vichomeo, pitisha brashi nyembamba ndani ya bomba na uzibue matundu bila kuyapanua. Kichomeo kilichotobolewa na kutu hakitengenezwi, hutupwa. Moto mzuri ni wa buluu.

Uliza pia jiko lilikotoka. Mengine kutoka ng'ambo yaliundwa kutumia gesi ya bomba la mjini, na tundu lake la kupitishia gesi ni pana mno kwa gesi ya mtungi. Hapo mwite fundi wa gesi anayeijua kazi hiyo.

Wavu ukiwa umeoza, fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea mwingine wa chuma kitupu. Kataa ule wa waya uliopakwa zinki, kwani zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaoleta homa na kifua kubana. Na ile brashi ya waya uliyosugulia jiko isitumiwe bila kuufuta wavu kwa kitambaa chenye maji baadaye. Nywele zake hukatika, zikashikamana na nyama. Madaktari katika nchi mbalimbali wamezitoa kwenye koo na matumbo ya watu.

Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro, jioni za Julai ni za baridi, na kishawishi cha kuliingiza jiko ndani ni kikubwa. Usithubutu! Jiko la makaa na lile la gesi, hasa lenye moto wa manjano, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, mtu akapata kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni malaria au pombe. Aliyepatwa na hali hiyo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitalini, na daktari aambiwe kwamba kulikuwa na jiko chumbani.

Kuhusu mtungi, kanuni za Kenya za 2019 hazimruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni bila idhini ya kampuni hiyo. Mlipuko wa gesi wa usiku wa Februari 1, 2024 mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia, na ulitokea kwenye uwanja ambao maombi yake ya kibali yalikuwa yamekataliwa. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, na mtungi usimame wima, kamwe usilazwe.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, mfuniko uwe wazi. Moto usiposhika, funga gesi na ungoje dakika tano kabla ya kujaribu tena. Ukishika, uache uwake kama dakika ishirini bila nyama, ili mafuta ya zamani na harufu ya rangi viishe kwanza.