Mishahara ya dukani ikigombewa, nani anaumia?

Wasikilizaji wetu wa Songea na vijijini mara nyingi husikia habari za wafanyakazi wa supamaketi kugoma mijini na kudhani hayawahusu. Yanawahusu.

Oktoba 2015, kampuni ya Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya hasara. Wafanyakazi walibaki wakidai stahiki zao. Waliowauzia bidhaa kwa mkopo nao walibaki na madeni. Dalili huanza mapema: mishahara inachelewa, rafu zinabaki wazi, foleni inakuwa ndefu kwa kuwa wahudumu ni wachache. Ukiuzia duka mayai, vitunguu au mchele kwa ahadi ya kulipwa baadaye, dalili hizo ni onyo kwako pia.

Je, mfanyakazi anaruhusiwa kugoma?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatofautisha mambo mawili.

La kwanza ni kudai nyongeza. Hapa mgomo unaruhusiwa, lakini kwa hatua: mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), usuluhishi ushindikane ndani ya siku 30, chama cha wafanyakazi kipige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Wafanyakazi wa biashara wana chama chao, TUICO.

La pili ni kudai mshahara uliokwisha kuufanyia kazi. Hiyo ni haki yako tayari, kwa hiyo njia yake si mgomo bali ni malalamiko CMA. Hapa muda ni muhimu: siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, au siku 30 tu kama umeachishwa kazi. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri ahadi ya "mwezi ujao".

Kiwango je?

Kuanzia 1 Januari 2023, kima cha chini kwa sekta ya biashara na viwanda kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Amri mpya ya mishahara imeanza 1 Januari 2026. Ulizia kiwango chako ofisi ya kazi ya mkoa.

Kama una kijana anayefanya kazi dukani mjini, mwambie atunze mkataba, hati za mshahara na ujumbe wa malipo kwenye simu. Mbele ya msuluhishi, karatasi hizo zina uzito kuliko maneno.