Hodi Katika Theluji

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Watu wake waliishi kweli, na kijiji chao kipo hadi leo. Kinaitwa Le Chambon-sur-Lignon, juu milimani huko Ufaransa. Majira ya baridi theluji hufunika njia zote, na msafiri aliyepotea hana budi kubisha hodi kwenye nyumba ya kwanza anayoiona.

Basi jioni moja, katika baridi ya mwaka 1940 kuelekea 1941, mwanamke mmoja alibisha hodi nyumbani kwa mchungaji. Alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Hitler, mtawala wa nchi hiyo, alikuwa amewageuza Wayahudi kuwa maadui kwa sababu tu ya kuzaliwa Wayahudi. Mama huyo alidhani Ufaransa atapumua, kumbe aliruka majivu akakanyaga moto: Juni 1940 jeshi la Hitler liliishinda Ufaransa, na serikali mpya ya Wafaransa, iliyokaa mjini Vichy, ikakubali kushirikiana naye.

Mlango ulifunguliwa na Magda Trocmé, mke wa mchungaji. Mgeni akauliza, huku akitetemeka, kama anaweza kuingia. Magda akamwambia apite. Hakumhoji pale mlangoni kuhusu dini yake wala hakudai kuona karatasi zake. Alimkalisha penye joto, akampa chakula, na viatu vyake vilivyolowa theluji akavianika jikoni. Kisha akatoka kwenda kwa meya kumwombea kibali.

Meya akakataa. Alisema mgeni huyo atawaponza wanakijiji wote, kwa hiyo aondoke. Magda akarudi mikono mitupu, na alipofika jikoni akakuta viatu vimeungua! Hebu fikirini: nje ni theluji, ni wakati wa vita, viatu dukani ni shida, na mgeni yuko peku. Ikabidi Magda ahangaike kijijini mpaka apate jozi nyingine. Nakipenda sana kipande hiki. Wema una usumbufu wake, na Magda alikubali wema pamoja na usumbufu.

Mama yule alilazimika kuendelea na safari. Lakini baada yake walikuja wengine, kisha wengine zaidi, na kijiji kikawa kimejipanga kuwapokea.

Mtauliza: mbona kijiji hiki na si kingine? Wakazi wake wengi walikuwa Waprotestanti. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliipiga marufuku imani yao, na mababu zao wakasali kwa kujificha milimani, wakiwindwa na askari. Watoto wa Le Chambon walikua wakisimuliwa habari hizo, kama mnavyonisikiliza mimi. Mchungaji wao, André Trocmé, aliwakumbusha pia miji ya makimbilio inayotajwa katika Kumbukumbu la Torati, ambako mtu anayewindwa alipata hifadhi ili damu isiyo na hatia isimwagike. Juni 23, 1940, siku moja tu baada ya Ufaransa kutia saini ya kushindwa, yeye na mwenzake Edouard Theis walihubiri kwamba Mkristo akishurutishwa kutenda uovu atakataa, na atakataa bila chuki.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa Le Chambon wengine walikaa miaka! Vijana walisaidia kazi za mashamba, watoto wakaenda shule pamoja na wenyeji. Chakula kiligawiwa kwa kadi, na asiye na kadi hana haki ya mkate, kwa hiyo wapo waliotengeneza vitambulisho na kadi za bandia usiku. Nyumba kadhaa za watoto ziliendeshwa kwa fedha kutoka nje, zikiwemo za Quakers, wale ambao magharibi mwa Kenya mnawajua kama Kanisa la Marafiki. Polisi walipokuja kumdai mchungaji majina ya Wayahudi waliofichwa, alijibu kwamba yeye anajua watu tu.

Februari 1943 walikuja kumkamata yeye mwenyewe. Hakuwapo nyumbani, wakamsubiri. Wakati wa chakula cha jioni ulipofika, Magda akawakaribisha mezani polisi wale wale! Baadaye watu walimshangaa. Kwake ilikuwa saa ya kula, na waliokuwamo nyumbani walistahili kula. Habari zikaenea, na majirani wakamiminika na zawadi za safari ya gerezani, vitu vilivyokuwa adimu wakati ule. Mmoja alileta mshumaa, ila kiberiti hakikuwapo. Ofisa wa polisi akatoa chake.

Mchungaji aliachiliwa baada ya wiki kadhaa. Daniel Trocmé, jamaa yake aliyelea wanafunzi wakimbizi, hakurudi. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimchukua pamoja na vijana wake Juni 29, 1943. Angeweza kukimbia, akakataa kuwaacha. Alifia katika kambi ya Majdanek, Poland, Aprili 1944. Sitawaficha jambo hilo, kwa sababu mlango ule ulikuwa na gharama.

Maelfu ya watu waliokolewa katika kijiji hicho na vijiji jirani. Mwaka 1990 Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayotunza kumbukumbu za Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler, iliwapa wakazi wote wa eneo hilo heshima, kwa pamoja.

Haya, nendeni mkalale. Na kama darasani kwenu yuko mtoto aliyekimbia vita kwao, kesho mje naye hapa, tule pamoja.