Makaa ya Ngaka: Tani zilisomwa Australia kabla ya kufika Litumbandyosi

MAKAA ya mawe ya bonde la Ngaka, wilayani Mbinga, yamepata wanunuzi wengi kuliko ilivyodhaniwa mwaka 2011, kampuni ya Tancoal Energy ilipoanza uzalishaji. Wateja wakubwa wa mwanzo walikuwa viwanda vya saruji. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku makaa kutoka nje, na viwanda hivyo vikalazimika kutegemea machimbo ya hapa nchini. Kisha vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani mwaka 2022, malori yaliyosafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara yaliongezeka, yakifuata meli za ng'ambo.

Katika kata ya Litumbandyosi, iliyo upande wa machimbo, biashara hiyo huonekana kwanza kama wateja. Dereva anahitaji chakula, maji, vocha na fundi wa matairi. Inaonekana pia kama vumbi na barabara inayochoka upesi. Lakini ipo faida ya tatu ambayo haionekani barabarani, nayo ni kodi na tozo zinazobaki kila tani moja inapoondoka. Hapo ndipo mwenye duka na mwenye hisa mdogo hukwama, kwa kuwa hesabu yake ni ngumu kuiona.

Hesabu yenyewe si kubwa. Chukua viwango vya sheria kama vilivyokuwa baada ya marekebisho ya mwaka 2017: mrabaha asilimia 3, ada ya ukaguzi asilimia 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Tukisie bei ya Sh 100,000 kwa tani, kwa ajili ya mfano tu. Lori la tani 30 lina mzigo wa Sh 3,000,000. Serikali Kuu inapata mrabaha wa Sh 90,000 na ada ya Sh 30,000. Halmashauri inapata Sh 9,000.

Sasa tuseme mizani inasoma pungufu kwa tani 2 kwa kila lori, na malori ni 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Halmashauri inapoteza Sh 18,000,000 na mrabaha unapungua kwa Sh 180,000,000. Hakuna aliyevunja kufuli la ofisi ya mtu. Ni tarakimu moja tu iliyoandikwa vibaya kwenye karatasi, na ndiyo maana swali la nani anaiona karatasi hiyo lina thamani ya fedha.

Katika miaka ya mwanzo ya Ngaka jibu la swali hilo lilikuwa la kushangaza kidogo. Tancoal ilikuwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lenye asilimia 30 kwa niaba ya umma, na Intra Energy ya Australia yenye asilimia 70. Intra Energy ilikuwa imeandikishwa katika soko la hisa la Australia, na kanuni za soko hilo ziliitaka itoe taarifa kwa wanahisa wake mara kwa mara. Mstaafu wa Sydney mwenye hisa chache aliweza kusoma tani zilizochimbwa na zilizouzwa Ngaka. Mwananchi wa Mbinga, ambaye kwa kupitia NDC alikuwa mbia wa mgodi huo huo, hakuwa na karatasi kama hiyo mezani kwake.

Pengo la aina hiyo ndilo lililoziunganisha asasi za kiraia za nchi nyingi, na sehemu ya historia hiyo ilianzia karibu na hapa. Peter Eigen, Mjerumani aliyeongoza ofisi ya Benki ya Dunia ya Afrika Mashariki mjini Nairobi, alichoshwa na miradi iliyoliwa na rushwa huku benki ikikwepa kulizungumza jambo hilo kwa kuliita siasa. Aliacha kazi, na mwaka 1993 yeye na wenzake wakaanzisha Transparency International mjini Berlin. Mwaka 2002 asasi nyingine zikaanzisha kampeni ya Publish What You Pay, zikizitaka kampuni za mafuta na madini zitangaze zinacholipa serikali. Mwaka huo huo, katika mkutano wa Johannesburg, Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair alitangaza mpango wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, unaojulikana kwa kifupi kama EITI. Eigen alikuja kuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Utaratibu wa EITI unafanana na ukaguzi wa vitabu vya duka. Kampuni inasema imelipa kiasi gani, serikali inasema imepokea kiasi gani, na mtu wa tatu asiye upande wowote analinganisha. Kamati inayosimamia zoezi hilo ina viti vya serikali, vya kampuni na vya asasi za kiraia. Viti hivyo vya tatu vilipiganiwa, maana bila hivyo muuzaji na mtoza ushuru wangekuwa wanakaguana wenyewe kwa wenyewe.

Tanzania ilijiunga mwaka 2009. Uamuzi huo ulikuja baada ya kelele za miaka kadhaa kuhusu mikataba ya dhahabu. Mwaka 2008 Tume ya Jaji Mark Bomani iliwasilisha taarifa yake juu ya sekta ya madini. Mwaka huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa utafiti wa pamoja kuhusu fedha ambazo nchi ilikuwa inakosa. Mwaka 2012 viongozi wa dini walitoa taarifa nyingine iliyokadiria hasara ya nchi kwa misamaha ya kodi na fedha zinazotoroshwa kuwa karibu dola bilioni 1 za Marekani kwa mwaka. Wachumi wanaweza kubishana juu ya kadirio hilo, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia maaskofu na masheikh kwamba wametumwa na chama cha upinzani.

Matunda yake yalionekana kwanza Kanda ya Ziwa. Migodi mikubwa ya dhahabu ilikuwa ikilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, kiasi kilichokubaliwa kwenye mikataba, bila kujali mauzo. Baada ya mikataba na malipo hayo kujadiliwa hadharani, na wabunge na wanaharakati kuuliza kwa nini mgodi ulipe kwa mkupuo wakati mwenye hoteli analipa kwa asilimia, malipo yalihamia kwenye asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa mtu wa Mbinga hili ni la kuzingatia. Makaa yalikuja baada ya mjadala huo, na halmashauri yake haikulazimika kuanzia kwenye dola 200,000.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, inayotaka hata mikataba na majina ya wanahisa yatangazwe. Kwenye karatasi ni sheria nzuri sana. Katika utekelezaji ina matundu matatu yanayomgusa mfanyabiashara. Ripoti hutoka ikiwa imechelewa, wakati bei imeshabadilika na mara nyingine hata diwani. Pia ulinganishaji huzihusu kampuni zenye malipo makubwa, ilhali katika mnyororo wa makaa wamo wachimbaji wadogo, madalali na wasafirishaji wasiofikia kiwango hicho. Kubwa zaidi, ripoti hueleza fedha ilivyoingia lakini haifuati shilingi hiyo hadi zahanati au kalavati.

Na mwelekeo haukuwa wa mbele tu. Tanzania ilijiunga mwaka 2011 na mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, OGP, kisha ikajitoa mwaka 2017. Ilikuwa ni mwaka ule ule Bunge lilipotunga sheria kali za kulinda rasilimali za nchi, ambazo zilitaka mikataba ya madini ichunguzwe upya. Serikali ilitaka uwazi kutoka kwa kampuni kuliko ilivyokuwa tayari kuutoa yenyewe.

Anayedhani haya ni mambo ya semina za Dar es Salaam aiangalie lami ya Peramiho hadi Mbinga. Kilomita hizo 78 zilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, katika mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa mwaka 2008. Shirika hilo huzipa nchi alama kabla ya kutoa fedha, na nchi isiyofikia alama ya udhibiti wa rushwa huzuiwa hata ikifanya vizuri kwingine. Alama hizo hutokana na tafiti za taasisi nyingi, zikiwemo zinazowahoji wananchi wa kawaida. Mkataba wa pili, wa karibu dola milioni 472, uliokuwa hasa wa umeme, ulisimamishwa Machi 2016. Sababu zilizotolewa zilikuwa uchaguzi wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao, si rushwa. Hata hivyo sakata la Escrow lilikuwa limekwisha kuacha doa: Oktoba 2014 wafadhili walizuia karibu dola milioni 490 za kusaidia bajeti. Saruji, kahawa na makaa vyote hupita barabarani na kutumia umeme, na gharama ya fedha iliyokosekana huishia kwenye bei ya bidhaa.

Kwa mwenye hisa za kampuni za saruji katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, makaa ni mojawapo ya gharama kubwa za kiwanda. Mgogoro wa tozo au wa leseni huko Ngaka unaweza kuonekana kwenye gawio lake kabla haujaonekana magazetini. Kusoma ripoti ya uwazi ya madini na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali sambamba na mizania ya kampuni ni kazi ya jioni mbili tatu, na haina ada ya dalali.

Kwa aliyeko Litumbandyosi njia ni fupi zaidi. Marekebisho ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na halmashauri inapaswa kuwaeleza wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Wanaohudhuria kwa wingi huwa wakulima. Wenye maduka hubaki dukani, ingawa wao ndio waliozoea kusoma leja. Anayetaka kujua ushuru wa huduma wa makaa uliopokelewa robo mwaka iliyopita, na tani zilizotumika kuukokotoa, anaweza kuandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria inataka ajibiwe ndani ya siku 30. Barua iombe tani na shilingi pamoja, kwa sababu shilingi peke yake haionyeshi kama mizani ilisoma sawasawa.