Je, Wajua? Mfungwa Akirudi Kwao, Runinga Inamfuata

Je, wajua kwamba msimu mzima wa kwanza wa tamthilia ya Rectify unasimulia takribani wiki moja tu? Ni wiki ya kwanza ya Daniel Holden nje ya gereza, baada ya karibu miaka 20 ya kusubiri kuuawa na serikali ya jimbo la Georgia, Marekani. Sehemu sita, wiki moja. Mpenzi wa tamthilia za kufukuzana kwa magari atakuwa amesinzia kabla ya sehemu ya pili kwisha.

Je, wajua kilichomtoa? Vipimo vya vinasaba. Alitiwa hatiani akiwa na miaka 18, kwa kumbaka na kumuua mpenzi wake, Hanna. Vipimo vikaonyesha vinasaba vya mwanamume mwingine, hukumu ikafutwa. Lakini hukumu kufutwa si kusafishwa: kesi inaweza kufunguliwa upya, na aliyemshtaki zamani sasa ni seneta, aliyepanda cheo kwa kesi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba Daniel mwenyewe hana uhakika kama aliua? Alikiri mbele ya polisi baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi, na kumbukumbu zake za usiku ule zina mashimo. Mtunzi, Ray McKinnon, anamwacha mtazamaji akae na shaka hiyo msimu baada ya msimu. Kwangu hapo ndipo ustadi wake ulipo. Wako watu mjini wanaosema watampokea ikithibitika kwamba hakuua. Sasa asiyekosa utamsamehe nini? Huyo anadai haki yake tu. Msamaha unaanza pale ambapo huenda alikosa kweli, na Rectify haimruhusu mtazamaji kuukwepa mtihani huo.

Je, wajua alichokikuta nyumbani? Baba ameshafariki. Mama ameolewa tena. Duka la matairi la baba liko mikononi mwa mume mpya na mwanawe, na ndani ya nyumba kuna mdogo wake wa kwa mama, kijana asiyemfahamu. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi. Maisha yaliendelea tu bila yeye, na sasa kila mtu lazima asogee kidogo ili apate pa kukaa.

(Ambaye hajaitazama, asiporuka aya hii asilaumu.) Daniel anavamiwa makaburini na watu waliofunika nyuso, wakiongozwa na kaka yake Hanna, na anapigwa hadi anapoteza fahamu. Polisi wanapomtaka amtaje aliyempiga, anasema si kaka huyo. Katika tamthilia nzima ya watu wanaojiuliza kama wamsamehe mfungwa, wa kwanza kusamehe waziwazi ni mfungwa.

Je, wajua kwamba katika Georgia hakimu anaweza kumfukuza mtu kwao hadi leo? Katiba ya jimbo inakataza kumfukuza mtu nje ya jimbo. Haikatazi kumfukuza kutoka kaunti. Georgia ina kaunti 159, na mahakama zimewahi kumpiga mtu marufuku katika 158 kati yake, akabakiziwa moja. Mara nyingi inayobaki ni Echols, kaunti ndogo ya mpakani na Florida, na kwa kawaida mtu hahamii huko. Anaondoka jimboni kabisa, kama ilivyokusudiwa. Daniel naye, ili asirudishwe gerezani, anakubali makubaliano ya kukiri kosa na kuhama mji wake. Msimu wa nne unamkuta Nashville, katika nyumba ya wanaume waliotoka jela, akijifunza kulala chumba kimoja na mtu mwingine.

Rectify ilirushwa kuanzia 2013 hadi 2016, sehemu 30 kwa jumla. Watazamaji walikuwa wachache. Tuzo ya Peabody ilipata.

Je, wajua kwamba kisa cha kweli kilitangulia? Mwaka 1993 Kirk Bloodsworth wa Maryland alikuwa mtu wa kwanza Marekani, kati ya waliowahi kuhukumiwa kifo, kusafishwa kwa vinasaba. Alikuwa ametiwa hatiani mwaka 1985 kwa mauaji ya mtoto. Muuaji halisi alikuja kutambuliwa mwaka 2003. Kwa hiyo kwa miaka kumi alikuwa huru kwa karatasi ya mahakama, huku mitaani wapo walioendelea kumwona muuaji.

Je, wajua kwamba Waingereza walikwenda mbali zaidi ya Rectify? Boy A, iliyorushwa na Channel 4 mwaka 2007, haimpi mtazamaji nafasi ya kujificha nyuma ya neno "hana hatia". Kijana wake alishiriki kweli mauaji ya mtoto mwenzake. Anatoka akiwa mtu mzima, anapewa jina jipya, kazi na marafiki. Anaokoa hata maisha ya msichana mdogo kwenye ajali ya gari. Kisha gazeti linafichua jina lake la zamani, na marafiki wanayeyuka. Mwigizaji, Andrew Garfield, alipata BAFTA kwa kazi hiyo, miaka kadhaa kabla ya kuwa Spider-Man.

Je, wajua kwamba sauti ya Mufasa katika The Lion King ilikuwa ya mwigizaji aliyewahi kuigiza mfungwa anayerudi kwa mkewe? Mwaka 1971 Pete Hamill aliandika gazetini kisa cha mtu aliyetoka jela, aliyemwomba mkewe afunge leso ya manjano kwenye mti kama bado anamtaka. Mwaka 1972 televisheni ya ABC ilikiigiza, James Earl Jones akiwa mfungwa. Japani ikakitengenezea filamu mwaka 1977, ikashinda filamu bora katika tuzo za kwanza kabisa za chuo cha filamu cha nchi hiyo. Singapore nayo tangu 2004 ina mradi wa kitaifa wa Utepe wa Manjano, unaowaomba waajiri na majirani wawapokee waliotoka gerezani.

Je, wajua kwamba Japani wapo raia wanaowasimamia waliotoka jela bila mshahara? Wanaitwa hogoshi, na sheria yao ni ya 1950. Tamthilia ya Zenkamono ya 2021 inamfuata mmoja wao, msichana anayeajiriwa dukani ili aishi, kisha nyumbani kwake anawapikia watu ambao wengine wanavuka barabara kuwakwepa.

Na hapa kwetu? Kifungu cha 133 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu rais kusamehe kwa ushauri wa kamati, na kamati hiyo inaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Watunzi wa tamthilia za Nairobi, chumba hicho cha kamati kinawasubiri.

Ukiwa na jioni moja tu, tazama Boy A. Ukiwa na subira, anza Rectify, na usimwulize aliyekutangulia kama Daniel aliua.