Wifi ikikatala: angalieni kwanza kale ka-swichi ka pembeni

Laptopu ya sendika hapa Kamango haiko ya kupendeza meza. Ndani yake muko liste ya wanachama, namba za karte zao za uchimbaji, makaratasi ya koperative na barua zote tunaandikia Divisheni ya Mines. Wanachama wetu wengi wanachimba mbali, upande wa Mangurejipa na wa Mambasa, na familia zao zinabaki huku. Mama akitaka kujua kama karte ya bwana yake imefanywa upya, anakuja kwetu. Sasa siku ile mashini haikamate tena rezo, huyo mama anarudia nyumbani mikono mitupu.

Mtasema ni shida ndogo. Hapana. Tangu Sheria ya Mines ya mwaka 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa na karte, kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa, na kuchimba mahali palipotengwa kwa ajili yake, ndiyo ile wanaita ZEA. Asiyekuwa na hivyo, mbele ya sheria ni mwizi juu ya udongo wa babu yake. Na Kadastre ya Mines inaonyesha karte ya inchi yote kwenye intaneti: kila kare moja ni hektari 84,955, na unaona nani ana permi juu yake. Mara ngapi watu wamechimba miaka na miaka, na kumbe ule mlima ulishapewa mtu mwingine kwenye karatasi? Kuangalia ile karte ni dakika kumi, lakini inaomba rezo.

Kwa hiyo wifi ya laptopu yetu ilipokufa, tulifanya kama vile kila mtu anafanya: tuliuliza fundi. Fundi moja wa mjini aliangalia, akasema karte ya wifi imeungua, ilipe dola 35, na mashini iletwe Butembo. «Iletwe Butembo»! Anayesema hivyo anasema kama vile ni kuvuka barabara. Wasomaji wa mbali wajue: kutoka Kamango kwenda Beni unapita njia ya Mbau, ile ya Semuliki, mahali kambi ya askari wa MONUSCO ilishambuliwa mwezi wa Desemba 2017 na askari wa Tanzania wakafa wengi. Kisha Beni, halafu kilometa 54 zingine mpaka Butembo. Hatutume mtu kwenye hiyo njia juu ya mashini, isipokuwa tumemaliza kila kitu kinachoweza kufanywa hapa hapa. Na zile dola 35 zingetoka kwenye kotizasio za watu wanaoshinda ndani ya maji na matope.

Mtoto wa mwanachama mmoja, anasoma Butembo, alikuwa hapa kwa likizo. Aliomba aguse. Mashini yetu ni ThinkPad ya Lenovo, X220, ya mitumba ya Ulaya, na iko na Linux. Tuliweka Linux kwa sababu haiombe kulipa lisansi, na virusi zile zinatembea kwa kle za USB, kutoka kwa duka la fotokopi mpaka kwa ofisi, karibu zote haziiguse. Yule kijana hakutoa hata visi moja. Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika maneno mawili:

rfkill list

Mashini ikajibu mistari michache. Hata kama yenu imewekwa kwa Kifaransa, hii mistari inaweza kutoka kwa Kiingereza, lakini mbili tu ndizo za kuangalia: Soft blocked na Hard blocked. Kila mmoja unafuatwa na yes ao no. Kwetu ilikuwa yes na yes.

Hapa tusimame kidogo, juu ndiyo mzizi wa mambo yote. Wale kati yetu waliofanya kazi kwenye kompanyi kubwa wanajua desturi ya kufuli. Kama fundi anataka kuingia ndani ya mashini ya kusaga mawe, anakata kwanza moto, anaweka kufuli yake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo anautia mfukoni. Shefu anaweza kubonyeza kifungo cha kuwasha tokea asubuhi mpaka magaribi, mashini haizunguke. Hard blocked ndiyo ile kufuli. Ni waya wa kweli ndani ya laptopu, unaotoka kwenye swichi mpaka kwenye karte ya wifi, unaoiambia: nyamaza. Hakuna amri ya kuandika inayoweza kuiondoa, hata ukiwa mwenye mashini. Soft blocked ni kitu kingine: ni agizo la kapita, «musiwashe kwanza». Agizo linaondolewa kwa agizo.

Kwa nini waliweka kufuli ya namna hiyo ndani ya laptopu? Wifi ni radio. Laptopu zilipoanza kuwa na wifi ndani yake, karibu na mwaka 2003, ndege zilikuwa zinakataza radio yoyote kuwashwa hewani, na hospitali pia zilikuwa na woga juu ya mashini zao. Ilitakiwa kitu ambacho mtu anazima kwa kidole na kuona kwa macho kwamba imezimika. Wachimbaji wa kompanyi hawatashangaa: mahali wanatumia detonateri za umeme, kabla ya kupasua mawe watu wanaamriwa kuzima radio na simu, kwa sababu mawimbi ya radio yanaweza kuingiza umeme kidogo kwenye nyaya za detonateri. Basi swichi ya radio si ujinga wa watengenezaji. Ila waliiweka mahali inapoguswa na kila kitu: na mufuko, na mtoto, na kamba ya piki-piki.

Yetu iko pembeni, ndogo kama ukucha. Kwenye ThinkPad za zamani kidogo, kama T400, iko mbele, pale mikono inalala. Kwenye Dell Latitude nyingi za mitumba, iko pembeni vilevile. HP EliteBook za wakati ule hazina ya kusukuma, ziko na kifungo cha taa juu ya klavie: taa ya buluu ni kusema inafanya kazi, taa ya rangi ya machungwa ni kusema imezimwa. Zingine zinatumia kifungo cha Fn pamoja na kimoja cha F, kile chenye kachoro ka antena ao ka ndege. Kwenye ThinkPad mara nyingi ni Fn na F5, kwenye Dell nyingi Fn na F2. Muzunguke mashini yenu pande zote na tochi ya simu kabla ya kusema haina swichi. Tuliona mtu aliyekuwa na yake miaka miwili akifikiri ni mahali pa kufungulia batri.

Yule kijana alisukuma swichi. Akauliza tena rfkill list. Bado yes. Watu wakaanza kusema: munaona, fundi alikuwa na haki. Lakini kuna amri nyingine, rfkill event, ambayo inabaki wazi na kuandika palepale kila wakati swichi inapoguswa. Aliiacha wazi, akapeleka swichi huku na kule mara kumi, mara kumi na tano. Hapo mwanzo hakuna kitu. Kisha mstari moja ukatoka. Ilikuwa vumbi tu, lile vumbi letu jekundu linaloingia hata ndani ya saa. Akapuliza, akapitisha mswaki mkavu, akarudilia, na Hard blocked ikawa no.

Soft ikabaki yes. Ni kawaida: Linux nyingi za sasa zinakumbuka hali ya wifi hata ukizima mashini, kwa hiyo agizo la zamani lilikuwa bado limekaa. Kwa hiyo aliandika:

sudo rfkill unblock wifi

na rezo zikaonekana. Dola 35 zilibaki kwenye kesi ya sendika.

Tunataka mwelewe kitu ambacho kilitukasirisha kidogo. Hata kama tungelipa, karte mpya isingefanya kazi. Ingewekwa mahali palepale, na ule waya wa swichi ungeiambia vilevile: nyamaza. Tena ThinkPad za miaka ile zinakataa karte ambayo haiko kwenye liste yao: ukiwasha unaona kosa 1802 na mashini haiendelee. Tungerudi Kamango na mashini ambayo hata kuwaka haiwake. Hatuseme fundi ni mwizi. Pengine hajui Linux, wengi hawaijue. Lakini mtu anayetaka kuuza karte mpya, mumwombe kwanza awaonyeshe rfkill list kwenye skrini, mbele yenu, na awaambie Hard ni yes ao no.

Kuna pia ya kujua kama karte iko hai. Muandike lspci na mutafute mstari wa Network controller. Kama iko pale, karte inajibu, na mara nyingi haikufa. Kama haipo kabisa, hapo ndipo mnaweza kuanza kufikiri juu ya karte iliyoungua ao iliyolegea. Na kama iko lakini rfkill haioneshe kitu cha wifi, kwa karte za Broadcom mara nyingi ni programu ndogo yake inayokosekana. Hiyo inashushwa kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hamuna! Dawa yake: muunge simu kwenye laptopu kwa kamba ya USB, na kwenye simu muwashe kugawa koneksio kwa USB. Linux inaikamata bila kuomba kitu. Na kufuli ya swichi haiguse hiyo njia, kwa hiyo hata kama swichi yenu imevunjika kabisa, ofisi inaweza kuendelea kufanya kazi na simu na kamba.

Laptopu zingine hazina swichi na bado zinasema Hard blocked: yes. Tulikutana nayo moja, ya Lenovo ya namna ya Yoga. Pale ni Linux yenyewe inadanganyika: programu moja ndogo inayoitwa ideapad_laptop inafikiri kuna swichi na kwamba imezimwa. Muijaribu hivi:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Wifi ikirudi, mmepata. Ili isirudie kila asubuhi, muandike mstari blacklist ideapad_laptop ndani ya faili moja, jina lake limalizike na .conf, ndani ya /etc/modprobe.d. Kwenye Acer, programu inayofanya hivyo mara nyingine inaitwa acer_wmi. Vifungo vingine vya klavie vinaweza kuacha kufanya kazi. Sisi tunachagua wifi.

Kabla ya kufungua mashini, muangalie pia BIOS, juu wifi inaweza kuzimwa kule: F1 wakati wa kuwasha kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Na muondoe chaja na batri, mubonyeze kifungo cha kuwasha sekunde 30, kisha murudishe. Inaonekana kama dawa ya mganga, lakini inasaidia mara zingine.

Inabaki ile ya mwisho, kwa swichi iliyovunjika kweli na mtu mwenye mkono usiotetemeka. Kwenye karte za zamani za mini PCI Express, ule waya wa kunyamazisha unafika kwenye jino namba 20. Ukilifunika na kipande kidogo cha skochi, karte haisikie tena kufuli. Mashini iwe imezimwa na batri imeondolewa, na muhesabu mara mbili: meno ya namba shufwa yako upande mmoja, na la 20 ni la pili baada ya pengo. Mkifunika lingine, karte inaweza isionekane kabisa. Na mjue kwamba tangu siku ile, swichi haitazima tena wifi. Mtu wa familia yenu anayefanya kazi karibu na detonateri asibebe mashini hiyo kule.

Mwenye HP ambayo taa inabaki ya machungwa hata akibonyeza, tungependa kuiona, juu tuko nazo mbili ndani ya ofisi na moja bado inatushinda. Aje Jumamosi asubuhi, aje na chaja yake na simu yenye kamba. Batri ya pano yetu inatosha mashini tatu kwa mara moja, kwa hiyo wa kwanza kufika ndio watahudumiwa kwanza.