Breki ya Mbele Inatetemeka Ukiteremka na Mzigo? Anzia Hapa

Leo tuache mbegu na mbolea kidogo. Huku Mkuyuni ndizi, machungwa na mafenesi yetu mengi hufika barabarani kwa baiskeli, na njia ni za mteremko. Breki ikikusaliti, unapoteza mzigo, na pengine mguu.

Baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba. Kila nikibana breki ya mbele kwenye mteremko, usukani ulitetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nikabadilisha raba mara mbili, hola!

Shida haikuwa raba. Breki hizi ni zile zenye mikono miwili iliyochomoza pembeni mwa foku, inayovutwa juu na kawaya kafupi ka katikati. Waya mkuu unashikiliwa juu, pale shingoni, lakini mikono imefungwa chini kwenye foku. Ukibana, foku inapinda kidogo kurudi nyuma. Ikipinda, waya unazidi kuvutika na breki inakamata kuliko ulivyotaka. Raba zikiteleza, foku inarudi, halafu inapinda tena. Hayo yakijirudia haraka haraka, ndiyo mtetemo wenyewe.

Kama unasikia mshtuko mmoja tu kila gurudumu likizunguka, hiyo ni ringi iliyobonyea. Mpelekee fundi.

Kwa mtetemo, fuata mpangilio huu, tukianza na visivyo na gharama:

1. Shingo. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku umegusa maungio ya shingo. Ikicheza, kaza.

2. Mikono ya breki. Itikise. Ikicheza kwenye pini zake, kaza bolti. Kama imelika, badilisha.

3. Ringi. Ioshe kwa sabuni, uikaushe. Tope na mafuta hufanya raba ikamate na kuachia.

4. Raba. Ncha ya mbele iguse ringi kwanza, ya nyuma ibaki wazi kama milimita 1. Weka kipande cha kadi chini ya ncha ya nyuma, bana breki, kaza, kisha kitoe.

5. Bado inatetemeka? Hamisha kishikio cha waya kutoka shingoni, kifungwe kwenye foku yenyewe, juu ya gurudumu. Hapo foku ikipinda, kishikio kinaenda nayo. Mimi hapa ndipo nilipopona. Njia nyingine ni kufunga breki za V, ila ununue na mkono wake wa usukani, maana zinavuta waya mrefu zaidi.

Wengi wakichoka na mtetemo wanaacha breki ya mbele, wanateremka na ya nyuma peke yake. Usithubutu! Utachelewa kusimama, na waya huo mmoja ukikatika huna kingine. Ukimaliza matengenezo, jaribu kwanza bila mzigo, mahali tambarare, ndipo upakie mikungu.

Kazi njema.