Chipu za Sumaku Katika Upimaji wa Magonjwa

Chipu ya sumaku ya kupimia magonjwa ni kipande kidogo cha silikoni chenye vihisi vinavyotambua protini kwa usumaku badala ya rangi au mwanga. Ubora wake unatokana na sifa moja ya mwili: damu, mkojo na mate karibu havina usumaku. Hata madini ya chuma yaliyomo katika himoglobini yana usumaku hafifu mno. Kwa hiyo alama ya sumaku ikitiwa katika sampuli, hakuna kingine cha kuificha, ilhali vipimo vya mwanga husumbuliwa na rangi ya damu na ukungu wa sampuli.

Kihisi chenyewe kinategemea ugunduzi wa mwaka 1988. Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, waliona kwamba ukinzani wa umeme katika matabaka ya metali yenye unene wa nanomita chache hubadilika sana yakiwa karibu na sumaku. Usumaku wa matabaka jirani ukielekea upande mmoja, elektroni hupita kwa wepesi. Ukielekea pande zinazopingana, elektroni hutawanyika na ukinzani hupanda. Ugunduzi huo ulitumika kusoma data kwenye diski za kompyuta, na mwaka 2007 uliwapa wawili hao Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 1998, David Baselt na wenzake katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani walionyesha kuwa vihisi hivyo vinaweza kutambua molekuli za viumbe hai.

Kipimo hufanyika kwa hatua. Juu ya kihisi hupandikizwa kingamwili zinazonasa protini moja tu, kwa mfano troponini, ambayo huingia katika damu misuli ya moyo inapoumia. Sampuli ikishamiminwa, huongezwa kingamwili za pili, ambazo hushika protini iliyonaswa. Kisha huja chembe za oksidi ya chuma zenye upana wa makumi ya nanomita, nazo hujibandika kwenye kingamwili hizo za pili. Chembe hizi huwa sumaku pale tu uga wa sumaku wa nje unapowashwa, hivyo hazigandamani zenyewe kwa zenyewe. Kadiri protini inavyokuwa nyingi, ndivyo chembe zinavyokuwa nyingi na ukinzani unavyobadilika zaidi. Chembe zinazoelea mbali na kihisi hazisomeki, kwa kuwa nguvu ya sumaku hupungua upesi kwa umbali.

Mwaka 2009, kundi la Shan Wang wa Chuo Kikuu cha Stanford liliripoti kwamba chipu ya aina hii ilipima protini kwa usahihi ndani ya seramu, mkojo na mate. Chipu moja hubeba vihisi vingi, kila kimoja na kingamwili zake, hivyo tone moja huweza kupimwa protini kadhaa kwa pamoja.

Changamoto zimebaki. Joto hubadilisha ukinzani, kwa hiyo vihisi vya kulinganishia visivyo na kingamwili za kunasa ni vya lazima. Zaidi ya yote, sumaku huhesabu tu kilichonaswa: kingamwili zikikosea protini, hesabu nayo hukosea.